Kifungo cha Shati, Kifungo cha Koti

Naanza na aibu yangu mwenyewe, ili msomaji asipate taabu ya kuitafuta: nilikula dawa ya kansa ya jirani yangu, na niliila na mkate.

Ilikuwa hivi. Katika parsele yetu, yaani ua wetu mmoja wa Kamembe, mpakani karibu na Bukavu, tulikuwa milango mitatu inayotazamana: wangu, wa Maman Sambaza, na wa Fundi, mwanamke mshona nguo. Mimi ndiye niliyekuwapo siku zote. Nimesoma sekondari hadi nikaimaliza, ndiyo maana naweza kuandika haya; sikuenda mbele zaidi, ndiyo maana nayaandika nikiwa kwenye kiti kilekile ambacho nimekuwa nikitengenezea redio za watu tangu ujana wangu. Mtu asiyetoka ana faida kwa majirani. Waliniachia funguo, mitungi ya gesi, watoto wenye surua, na mara moja mbuzi wa sadaka ambaye alikula waya za redio ya katekista. Kwa hiyo Hadji, kaka yake Fundi, aliporudi kutoka Bukavu asimkute dada yake, alifanya walichofanya wote. Aliweka chupa ya mdomo mpana juu ya meza yangu, akasema, "Jirani, mpe Fundi asali yake."

Alisema asali. Naomba hilo likumbukwe siku ya hukumu yangu.

Ilikuwa nyeusi, nzito, ina punje ndogondogo ndani. Niliionja kwa ncha ya kijiko, kwa usalama wa jirani. Tamu mbele, chungu nyuma. Nikajiambia kumbe hii ndiyo asali wanayokula matajiri, sisi tumezoea ile inayokorogwa na sukari. Kesho yake nikaionja tena, safari hii kwa mkate. Fundi alikuwa amekwenda kushonea harusi Bugarama, na harusi za Bugarama haziishi upesi. Aliporudi, chupa ilikuwa imeshuka kutoka shingoni hadi kiunoni.

"Jirani, Hadji hakuacha kitu?"

Nilifungua mdomo nimdanganye, lakini tumbo likanitangulia. Nilikimbilia chooni. Niliporudi nikamkuta ameinua chupa kwenye mwanga, anaitazama kama anavyotazama kitambaa chenye tundu.

"Umeila na nini?"

"Na mkate."

"Mkate wa kawaida, au wa maziwa?"

"Wa maziwa."

Aliketi kwenye ngazi, akacheka mpaka ushungi ukamteleza. Kisha kicheko kikaisha, na machozi yaliyokuwa ya kicheko yakaendelea yenyewe. "Ile ni dawa ya titi langu, Jirani," alisema. "Nina uvimbe. Basi, sasa wewe ndiye mwanaume mwenye matiti salama kuliko wote wa Kamembe."

Ndivyo nilivyojua.

Sitasema Fundi alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Mimi namjua kuanzia kwenye baraza yake, ambako alikaa nyuma ya cherehani ya miguu miaka yote niliyokaa mbele yake nikiunguza vidole kwa lehemu. Alizungumza akiwa na pini mdomoni. Wageni walidhani ana kigugumizi. Sisi wenyeji tulijua kwamba pini zikiwa mdomoni maneno ni ya kawaida, lakini akizitoa zote na kuzipanga mezani, mtu ajiandae.

Alikuwa Mwislamu wa kuswali kwa wakati, na bado majoho ya kwaya ya Wakatoliki yalitoka mkononi mwake, pamoja na magauni meupe ya komunyo ya kwanza. Mzee mmoja wa msikitini alimwuliza kama haoni tatizo. "Mungu anasoma mshono," alimjibu. "Hasomi lebo."

Mteja akichelewa kuchukua nguo, alimsema hadharani, kwa jina lake na la mtaa wake. Yeye mwenyewe akichelewesha nguo, alisema kesho, na kesho ya Fundi haikuwa na jua wala mwezi. Bibi harusi mmoja aliingia kanisani na upande mmoja wa gauni umeshikwa na pini tupu, Fundi akitembea nyuma yake kwa heshima kubwa, sindano mkononi, akishona. Walipofika kwenye kiapo, pindo lilikuwa limekwisha. Mpaka leo wapo wanaodhani ile ilikuwa mila ya Kiislamu.

Kuhusu mimi alikuwa na nadharia. Nywele zangu zilipoanza mvi bila mke, alitangaza uani kwamba tatizo si sura. "Kuoa kunataka mtu atoke nyumbani walau siku moja," alisema.

Kitu ambacho hakuwa na mzaha nacho ni maji. Kitambaa chochote, kiwe kitenge kutoka Bukavu au drili ya suruali, alikata kipande, akakichemsha kwenye sufuria kuukuu, akakianika, kisha akakipima upya. Muuzaji angeapa kwamba hakirudi nyuma wala hakitoi rangi, angeapa kwa Mungu na kwa mama yake. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimekusikia," alisema. "Sasa nakisubiri chenyewe kiseme."

Mimi niliwahi kumharakisha. Nilikuwa na mazishi, moja ya safari zangu chache duniani, na nilitaka suruali upesi. Akatoa pini mdomoni. "Nitaishona bila kuchemsha. Lakini ukishaifua, usije kwangu." Niliifua, wala sikwenda kwake. Aliniona mwenyewe kutoka ng'ambo ya ua, suruali imepanda hadi katikati ya muundi.

"Jirani!" aliita. "Unavuka mto gani?"

Uvimbe wake ulipojulikana, na ulijulikana kwa sababu yangu, maana siri iliyoliwa na mkate haikai tumboni, ua wetu uligeuka wizara ya afya.

Wa kwanza alikuwa Maman Sambaza, Mkristo wa Bukavu anayeuza sambaza, samaki wale wadogo wa Ziwa Kivu, na ambaye hajawahi kusema neno kwa sauti ndogo tangu nimfahamu. Alileta umuravumba, majani ambayo kila mama wa hapa huyatwanga mtoto akikohoa.

"Kunywa hii, Fundi. Dada ya mama yangu alikunywaka hii, akapona kabisa."

"Alikuwa na nini?"

"Kikohozi."

"Maman Sambaza, mimi sikohoi."

"Njo vile, hauyaanza kukohoa. Kunywa mbele."

Hadji, kaka yake, alileta chupa nyingine ya asali iliyochanganywa na habasoda na unga wa mizizi ambao muuzaji hakuutaja, na hii hakuipitisha kwangu. Alimleta pia mtu wa hijama, akamwekea vikombe mgongoni, akanyonya damu. Wengine walitaja amashyuza, yale maji ya moto yanayochemka yenyewe kule bondeni, ambako wazee hukaa wakiloweka magoti. Kijana mwenye tai alifika na makopo ya unga yenye picha ya milima isiyo ya kwetu, akasema unasafisha mwili mzima. Fundi alimwuliza kama unasafisha na kola ya shati lake. Mimi nilileta nilichosikia redioni, yaani nusu ya kila kitu, kwa sababu redio ninazozisikiliza ni zile mbovu.

Na hawa wote, hata waliogombana juu ya majani, walikubaliana jambo moja: kisu hapana. Kansa ikiguswa na kisu inakasirika. Walikuwa na mfano, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyepelekwa Kigali kufanyiwa operesheni na akarudi ndani ya sanduku.

Hapo Fundi alitoa pini.

"Mwalimu nilimshonea mimi," alisema. "Mara ya mwisho nilipompima, titi lilikuwa na kidonda kinachonuka, na alikuwa amekwisha kunywa mizizi ya kila kilima. Alipeleka kitambaa kilichooza. Nyinyi mnalaumu makasi."

Ungedhani mtu anayesema hivyo atapanda basi kesho yake. Hakupanda. Hilo ndilo jambo nililochukua muda mrefu kulielewa kwa Fundi: akili yake ilikuwa imefika Kigali zamani, na miguu bado ilikuwa chini ya cherehani. Alikuwa na sababu mbili, na moja tu ndiyo aliyoisema kwa sauti. Aliyoisema ni Hadji. Hadji ndiye aliyemnunulia cherehani ya kwanza, na kukataa asali yake, alisema, ni sawa na kumrudishia cherehani. Ya pili aliniambia siku nyingine, akiwa ameinamisha kichwa kwenye mshono: "Nitawapimaje wanawake vifua, mimi mwenyewe nikiwa nimepinda upande mmoja?"

Alikubali kwanza kwenda kwa mganga mmoja mashuhuri wa Rwimbogo. Alinichukua mimi nimsindikize, kwa kuwa, alisema, ndani ya ua mzima mimi ndiye mwenye uzoefu wa dawa. Nilipanda pikipiki nikiwa nimefumba macho, na siwezi kuuelezea mlima hata mmoja.

Mganga hakuwa tapeli, nisimsingizie. Alikuwa mzee nadhifu, ua wake umefagiliwa, na watu waliovunjika mifupa walitoka kwake wakitembea. Alimkaribisha Fundi kwa adabu, akasikiliza, akasema dawa anayo.

"Mzee wangu," Fundi alisema, "nionyeshe mmoja uliyemponya uvimbe kama huu."

Mzee akataja wengi, kila mmoja akikaa mbali kuliko aliyemtangulia.

"Sawa. Na uliyemzika?"

"Mikononi mwangu hajafa mtu, mama."

Nilimwona Fundi akipeleka mkono mdomoni kutoa pini ambazo siku hiyo hazikuwemo.

"Mzee wangu, usinichukie. Mimi nimeharibu nguo nyingi. Nimeharibu hata gauni la harusi. Fundi akiniambia hajawahi kuharibu shati, najua jambo moja tu: bado hajashona."

Mzee alicheka, tena kicheko cha mtu aliyeguswa mahali penyewe, akasema huyu mama ana kichwa. Basi, na Fundi akainunua ile dawa! Chupa nzima, ya mizizi, akaifunga kwenye kitenge. Njiani pikipiki iliposimama tupumzike nilimwuliza kwa nini.

"Kwa sababu ninaogopa, Jirani," alisema. "Usiniulize maswali ya redio."

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo ni yeye tu angelifanya. Kwa kuwa alikuwa na mzigo wa madawa na hakumwamini muuzaji hata mmoja, aliamua kuyapima kama anavyopima kitambaa. Chupa ya Rwimbogo aliiweka kwanza kando. Alianza na asali, maana ndiyo iliyokuwa na ndugu nyuma yake. Siku aliyoianza upya, kabla ya mwezi wa Ramadhani, alikaa barazani na kopo lake la vifungo. Mkono mmoja chini ya blauzi, mwingine ndani ya kopo, macho amefumba. Alipapasa hapa, akapapasa kule, mpaka akapata kifungo kinacholingana na uvimbe. Kilikuwa cha shati. Alikifunga kwa uzi mweupe, akakitundika kwenye msumari juu ya cherehani. Wateja walidhani ni kielelezo cha kazi.

Mwezi mzima aliinywa kama alivyoagizwa, alfajiri na magharibi, bila kukosa. Sikuisogelea.

Siku ya Idi Hadji alifika na kanzu mpya na chupa mpya. Mimi nilikuwa hapo hapo barazani nikifunga mgongo wa redio ya Fundi, na walinisahau, hiyo nayo ni tabia ya mtu asiyetoka: hugeuka samani. Fundi alimkaribisha kaka yake pilau, akasubiri ale, akasubiri anawe. Kisha akakitungua kile kifungo, akakiweka juu ya meza.

"Hadji, hiki ni cha siku nilipoanza asali yako."

Akaingiza mkono kwenye kopo, akatoa kingine, kinene, cheusi, chenye matundu manne, akakiweka kando ya cha kwanza.

"Hiki ni cha leo."

Kilikuwa cha koti.

Hadji alivichukua vyote viwili, akavigeuza kiganjani. Alikuwa mfanyabiashara wa mpakani, mtu anayeweza kubishana na forodha mbili kwa wakati mmoja, lakini safari hii alikuwa na labda tu.

"Labda hukuinywa vizuri."

"Niliinywa kama ulivyosema."

"Labda ile ya kwanza ndiyo ilikuwa na nguvu. Ile aliyoila Jirani."

Wote wawili wakanitazama. Nikainamia redio.

"Kaka," Fundi alisema, na sikuwahi kumsikia akimwita hivyo tena baadaye, "hukukosea kuileta. Uliileta kwa mapenzi, na mimi niliinywa kwa mapenzi. Lakini kitambaa kimesema."

Hadji alifuta uso kwa mkono wa kanzu mpya, kuanzia paji hadi kidevu. Akavirudisha vifungo mezani, kimoja kimoja, polepole.

"Basi la Kigali linatoka saa ngapi?" aliuliza.

Walikwenda pamoja. Hospitali ya hapa ikawatuma Kigali, Kigali ikatoa kipande cha uvimbe kwa sindano na kukipima. Hilo lilimfurahisha Fundi kuliko nilivyotarajia: "Kumbe na wao wanakata kipande kwanza!" Kisha wakamtuma hospitali nyingine, juu milimani upande wa pili wa nchi, ambako alikutana na daktari wake, mwanamke mwenye umri mdogo kuliko cherehani yake. Fundi alimwuliza swali lilelile la Rwimbogo. Nionyeshe uliyemponya, nionyeshe uliyemzika.

Daktari, kwa alivyotusimulia Fundi mwenyewe, aliweka kalamu chini. Alisema waliopona wapo, na wengine wako pale nje kwenye benchi wamekuja kukaguliwa, nenda uwaulize. Waliozikwa pia wapo. Wengi wao walikuja wamechelewa. Lakini wachache walikuja mapema, tukafanya kila kitu, na bado tukawazika. Wewe hujachelewa sana, ila siwezi kukuapia.

"Huyu ameshona," Fundi alimwambia Hadji.

Nisimfanye malaika sasa. Shimio, ile dawa ya kansa ya dripu, ilimnyoosha. Alirudi nyumbani kati ya dripu na dripu akiwa mweupe kama kanga iliyoanikwa sana, kichwa hakina unywele. Alikuwa na msemo wake juu ya safari ya basi kupita msitu wa Nyungwe: "Dripu inatapisha, lakini kona za Nyungwe ndizo profesa." Na alidanganya. Yeye, ambaye alikuwa akimfukuza mteja anayeleta nguo iliyokwisha guswa na fundi mwingine bila kusema, alikuwa akinywa ile chupa ya Rwimbogo kwa siri, jioni, nyuma ya nyumba. Macho yakawa ya njano. Damu ikapimwa, ini likaonekana limechoka, na daktari akauliza mbele ya Hadji: kuna kitu kingine unachokunywa?

"Hakuna," alisema Fundi.

Daktari akavuta karatasi ya vipimo mbele yake. Akamtazama macho, akamtazama tena.

"Iko kwenye mfuko," alisema Fundi.

Dripu ilisimamishwa hadi ini litulie, na ule muda wa kusubiri ndio uliomtisha kuliko kisu. Safari iliyofuata alibeba kila kitu alichowahi kupewa, akakimwaga juu ya meza ya daktari: asali, umuravumba, kopo la yule kijana wa tai, chupa ya Rwimbogo. Daktari hakumcheka wala hakumgombeza. Alivitenga. Asali tupu kwenye chai, kunywa. Mizizi ambayo hatujui ndani ina nini, hapana, si wakati ini linabeba mzigo wetu. Hijama, hapana, damu yako sasa ni ya kuhesabu. Maji ya moto, kidonda kikishapona, kwa raha ya mgongo. Sala, kila wakati, na niombee na mimi.

Fundi aliirudisha hukumu hiyo uani kwetu na kuitafsiri kwa lugha yake. "Kuna sindano ya jinzi na kuna sindano ya hariri. Umuravumba ni sindano ya kikohozi. Mkitia sindano ya hariri kwenye jinzi, itavunjika, na jinzi itabaki imefunguka." Maman Sambaza alinuna siku nzima. Kesho yake alimletea supu ya samaki, akisema kwa ukali kwamba hii si dawa, ni chakula tu, na dokta asiingilie.

Walimkata titi la kushoto. Alirudi, na kwa muda hakukaa barazani. Mlango ulifungwa, cherehani ikajaa vumbi. Sababu ile ya pili, ile aliyoniambia kwa kichwa kilichoinama, ilikuwa imemsubiri nyumbani. Halafu asubuhi moja nikasikia miguu ya cherehani. Alikuwa amejishonea titi. Kitambaa laini cha pamba, ndani ulezi, kwa sababu, alisema, pamba peke yake haina uzito na ikikosa uzito bega linapanda, na bega likipanda kola inalia. Lilikaa vizuri sana. Alilifua siku ya jua, akalianika kwenye kamba pamoja na soksi, na kuku wa Maman Sambaza wakaliona.

Sitasahau kelele zile. Fundi akikimbia na rula, kuku wamekwisha pasua mshono, ulezi unamwagika, na Maman Sambaza mlangoni akipiga mapaja: "Yesu! Kuku zangu zinakula titi ya Fundi!" Mtaa mzima ulitoka. Na Fundi, ambaye alikuwa amejifungia ndani ili watu wasijue upande gani haupo, akasimama katikati ya ua, blauzi imelala bapa upande wa kushoto, akacheka hadi akashika kamba asianguke. Kuanzia siku hiyo hakujificha tena. Kuku aliyetangulia kudonoa, yeye na Maman Sambaza walimla kwa wali.

Alianza pia tabia mpya. Mwanamke akija kupimwa kifua, Fundi alimzungushia utepe, akaandika kipimo, kisha akauliza bila kuinua macho: "Na wewe mwenyewe umejipapasa mwezi huu?" Wengine walikasirika, wakahamia kwa mafundi wa sokoni. Wengine walijipapasa. Wawili au watatu nawajua walipanda basi mapema, na yeye ndiye aliyewafungia mandazi ya njiani.

Wanaume hakutuacha salama pia. Siku moja redio niliyokuwa nikiitengeneza ilipata sauti ghafla, na sauti ilikuwa ya daktari anayeeleza habari za prostati, ile tezi ya wanaume inayobana mkojo uzeeni: kwamba inaweza kuwa na kansa, kwamba kuna kupimwa damu, na kuna daktari kuvaa glavu na kuingiza kidole pale ambapo hatupataji. Wanaume waliokuwa wakisubiri redio zao walipiga kelele, wakaapa kwamba wao watakufa na heshima yao. Mimi niliizima, nikasema waya umekatika.

"Waya haujakatika," Fundi alisema kutoka barazani kwake, pini zimo mdomoni. "Umeukata."

Baadaye alihamia Gikundamvura, kwa Hadji, ambaye amezeeka na sasa anamiliki shamba na maoni. Parsele ikawa na milango miwili na kimya kimoja. Miaka ikapita, na kila mwaka tulisikia amekaguliwa na hakuna kitu, mpaka tukazoea kuisikia.

Juzi alikuja. Alikuwa ametoka kwenye ukaguzi wake, majibu ni yaleyale mazuri, na kwa furaha akataka kunishonea kostimu, yaani suti kamili. Sikuwa na mahali pa kuivaa. Alisema atanishonea hivyo hivyo, nikae nayo nyumbani kama kawaida yangu. Akanisimamisha uani, akanizungushia utepe kiunoni. Nikamwomba samahani, nikaenda chooni. Nikarudi, akapima mabega. Nikaomba samahani tena.

Niliporudi safari hii pini zilikuwa juu ya meza, zimepangwa.

"Jirani. Nimepima kiuno na mabega tu. Tukifika kwenye suruali utakuwa umehamia chooni."

"Ni chai."

"Imeanza lini, chai hiyo?"

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa mbele ya pini hakuna njia nyingine: kwamba ni muda sasa, kwamba mkojo unatoka kwa kusitasita, lakini asiwe na wasiwasi, natumia mbegu za maboga. Zinasifiwa sana. Nazisaga, nazichanganya na asali.

"Unakula na mkate?"

"Ndiyo."

"Wa maziwa."

Nilikung'uta makombo kwenye shati.

"Tangu ulipoanza maboga yako," alisema, na sasa hakuwa akitania, "safari za chooni ni kifungo cha shati, au zimekuwa kifungo cha koti?"

Nilitazama chini. Mimi ndiye niliyekuwapo siku ya Idi. Mimi ndiye shahidi wa Rwimbogo, mimi ndiye ninayewasimulia watu hadithi ya vifungo kila wanapoleta redio, tena nikiisimulia vizuri, kwa kujiamini, kama vile ni mimi niliyepanda lile basi. Nikasema labda haina neno, wengi hupata ya kawaida tu isiyo kansa. Fundi akasema labda, na anayejua labda hiyo ni ipi ana glavu. Nikasema nitafikiri. Nikasema hospitali ni mbali, na tuliposimama paa lake lilikuwa linaonekana juu ya ukuta.

Maman Sambaza alikuwa mlangoni kwake akichambua samaki kwenye ungo. Tulidhani hasikilizi. Hakuinua kichwa, na sauti, kama ilivyo desturi yake, ilifika hadi barabarani:

"Fundi alitoaka titi muzima, akarudi kushona manguo yetu. Na weye, mwanaume muzima, kidole moja ya dokta njo inakushinda?"